Pensheni ya Mtu Aliyezikwa

Miaka hiyo sikuweza kukaa mahali pamoja kwa miezi sita bila miguu kuniwasha. Nilikuwa nimetoka Migori, ambako nilikausha tumbaku, nikachimba dhahabu kidogo, mwishowe nikajifunza kupiga taipureta kwa mtu aliyeuza mbao karibu na daraja. Alipofunga biashara yake alinipa ile mashine, kwa kuwa herufi moja ilikuwa imepinda na hakuna aliyeitaka. Niliibeba hadi Homa Bay, nikapata nafasi kwenye veranda ya duka la misumari na mabati, hatua chache kutoka posta. Kwenye kipande cha kadibodi niliandika: BARUA, FOMU, AFIDAVITI.

Nilipenda fomu. Niliachia shule darasa la saba, na labda ndiyo sababu. Fomu inakuuliza mambo ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza, na ukikosea haikuchapi. Watu walikaa kwenye kiti changu wakasema mbele ya mgeni mambo ambayo hawakuwaambia ndugu zao. Mimi nilikuwa nikiuliza hata yasiyokuwa kwenye karatasi.

Yule dada alikuja asubuhi moja ya mvua akiwa ameficha bahasha kubwa ndani ya mfuko wa unga. Alikuwa fundi cherehani sokoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtaratibu, mwenye pini mbili zilizochomekwa kwenye kola ya blauzi. Alikuwa ameolewa, akarudi kwao bila mtoto. Alikuwa akinishonea shati, kwa hiyo tulijuana.

"Omera," aliniambia, kama watu wa huko wanavyomwita rafiki wa kiume, "unajua fomu za Amerika?"

"Nitazijua nikiziona."

Alitoa karatasi. Baba yake alikuwa kule. Alikuwa mzee sasa, amestaafu, na alitaka kumchukua binti yake aende kukaa naye. Serikali ya kule ilitaka mdhamini aonyeshe kwamba ana kitu cha kumlisha mgeni wake. Kwa kuwa mzee hakuwa na mshahara tena, ilibidi aandike pensheni yake: ni kiasi gani, inatoka wapi, ilianza lini. Aliambatanisha barua ya ofisi ya pensheni. Macho yake yalikuwa mabaya, alieleza, na mkono unatetemeka. Binti atafute mtu wa kutaipu vizuri, kisha amrudishie akaape na kutia sahihi mbele ya wakili.

Niliweka karatasi kwenye mashine. Jina, anwani, mwaka wa kuzaliwa. Aliitikia kila kitu kwa sauti ya chini, akitazama mvua. Barua ya pensheni ilikuwa fupi. Ilithibitisha kwamba mlipwaji yuko hai hadi siku ile ya kuandikwa kwa barua. Ilisema kwamba alistaafishwa kabla ya wakati kwa sababu ya ugonjwa: mguu wa kushoto ulipooza ghafla akiwa kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, akaanguka, na tangu hapo haukumbeba. Pensheni ilihesabiwa kuanzia siku hiyo ya kuanguka. Nilisoma tarehe kwa sauti huku nikiipiga.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

Alichukua barua kutoka mkononi mwangu, akaisogeza karibu na uso, akaweka kidole kwenye ile tarehe kama anavyobana kitambaa kabla ya kupitisha sindano. Kisha alikunja kila kitu, hata fomu iliyokuwa bado kwenye roli, akavirudisha kwenye mfuko wa unga.

"Kesho utakuja na mimi nyumbani," alisema. "Kuna kitu utataka kuona. Wewe si unapenda kuona vitu?"

Kwao kulikuwa upande wa kuelekea Lambwe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara kuu. Boma la zamani, ua wa miti ya ojuok yenye utomvu mweupe, nyumba mbili, moja ikiwa tupu. Upande wa kulia wa nyumba hiyo tupu kulikuwa na makaburi mawili ya saruji, sambamba. Dogo lilikuwa la mama yake. Kubwa lilikuwa na jina nililotaipu siku iliyotangulia kwenye nafasi ya mdhamini.

Chini ya jina mtu alikuwa amekwaruza tarehe kwa msumari kabla saruji haijakauka. Siku ile ile, mwezi ule ule, mwaka ule ule. Sikuhitaji kutoa fomu kulinganisha.

"Nani yuko ndani?" niliuliza.

"Yeye."

Aliyenieleza vizuri ni shangazi yake, dada ya huyo mzee, ambaye wote walimwita waya, kama Waluo wanavyomwita shangazi wa upande wa baba. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, anapepeta omena, dagaa wa ziwani kutoka Mfangano, akitupa mchanga na vipande vya nyasi pembeni bila kuvitazama.

"Kaka yangu alienda kusoma," alisema. "Barua zikaja mbili. Kisha miaka ishirini na ushee, kimya. Mama wa huyu akaanza kuugua. Akasema, mimi sitalala peke yangu kwenye boma la mwanaume ambaye hana kaburi. Alikuwa na haki. Kwa hivyo tukamzika mume wake kwanza."

"Mlizika nini?"

"Yago. Hujui yago na umetembea hivyo?"

Nilijua mti wenyewe. Matunda yake hukua marefu na mazito, yananing'inia kwa kamba zake kama miguu ya mtu. Anayepotea ziwani au ughaibuni bila mwili kupatikana, watu wake huchukua tunda hilo, wakalivisha, wakalilia, wakalizika kama yeye. Baada ya hapo nyumba inaendelea. Walilivika koti aliloliacha nyuma ya mlango. Watu walilia kweli. Naibu wa chifu alihutubia, akala, akaandika kwenye faili yake kwamba fulani ni marehemu. Mke alifuata baada ya wiki tatu.

"Miaka minne ikapita," alisema yule dada. "Halafu padri wa misheni ya Asumbi akanitumia mtu. Akasema, kuna barua ya baba yako hapa. Ndiyo anwani pekee aliyokuwa anakumbuka. Anasema alinyamaza kwa aibu, hasemi aibu ya nini."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Baba, habari ya huko, sisi tulikuzika?"

Waya alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Halafu akaacha kucheka. "Wakati wa kuteremsha," alisema, "kamba ya upande mmoja iliponyoka. Alianguka kwa upande wa mguu. Sote tulisikia."

Hakusema lilianguka. Alisema alianguka.

Ningeweza kurudi mjini, nikamalizia fomu, nikaenda zangu. Lakini karatasi moja haikuwepo. Binti hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo alihitaji barua yenye muhuri wa naibu wa chifu, ikisema kwamba mtu huyu aliye hai ndiye baba yake. Tulimkuta naibu kwenye ofisi yake ya bati, mtu mnene mwenye kofia ya kaki mpya sana. Alisikiliza hadi mwisho.

"Dada," alisema, "mimi nilisimama pale. Nilitupa udongo kwa mkono huu. Sasa unataka mkono huo huo upige muhuri kwamba yuko hai?"

"Pensheni yake inasema yuko hai. Soma."

"Pensheni ni ya huko. Kaburi ni la kwangu." Alivua kofia, akaifuta. "Mtoeni kwanza. Mkishamtoa, nitaandika. Nitakuja mwenyewe nione, halafu nitaandika."

Nilitarajia waya akatae. Hakukataa. Alisema tu kwamba itakuwa Jumanne, mchana kweupe, na shimo lisilale wazi. Kaburi likifunguliwa lazima lipewe kitu cha kushika kabla jua halijatua, la sivyo litatafuta lenyewe. Aliagiza shina la mgomba likatwe mapema.

Wachimbaji walikuwa wanaume wawili wa jirani, mmoja mcheshi. Walivunja saruji kwa nyundo, wakaingia chini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, kuku wakitembea kwenye udongo mpya wakitafuta wadudu.

"Karani," mcheshi aliniita akiwa kiunoni ndani ya shimo, "akiuliza nani amemwamsha nitamwonyesha wewe."

"Mwambie nilitumwa na ofisi."

"Nitamwambia uko na fomu yake. Asaini kabla hajalala tena."

Waya aliwaambia wachimbe, waache kelele. Naibu wa chifu alisimama mbali kidogo na kofia mkononi. Kina kilipozidi kifua, mcheshi alinyamaza. Niliona ameacha jembe na anafukua kwa vidole.

Koti lilikuwa limeoza, limebaki vifungo na mshono wa mgongoni. Tunda halikuoza. Miaka mitano kwenye udongo mweusi unaokula mbao ngumu, na lilitoka zima, la kijivu, urefu kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, au zaidi. Walinipandishia mimi kwa kuwa nilikuwa karibu. Nilitegemea liwe baridi. Lilikuwa na joto la kitu kilichokuwa kimekaliwa. Niliwaza ni jua, halafu nikakumbuka kwamba jua lilikuwa bado halijafika chini kule.

Kwenye ncha moja lilikuwa na ufa, umejaa udongo. Nilichukua pini kutoka kwenye kola ya yule dada, nikautoa udongo pole pole hadi ufa ukawa safi. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Hakuna aliyeniambia nifanye, na hakuna aliyenizuia. Waya alitazama mikono yangu muda wote.

Shina la mgomba likashuka, udongo ukarudi. Naibu wa chifu aliandika barua yake juu ya goti, akapiga muhuri, akaondoka bila kula.

Fomu ilikwenda, ikiwa na kiasi cha pensheni na tarehe ya kuanza kwake, imeandikwa safi. Tunda waya alilifunika kwa kikapu ndani ya ghala ya mtama, akisema bado anafikiri pa kulipeleka.

Wiki tatu baadaye yule dada alikuja verandani na barua ya baba yake. Ilikuwa imepishana na ya kwetu njiani. Aliiandika kabla hajapata chochote kutoka Homa Bay. Alinipa niisome mwenyewe. Mzee aliandika kwa Kiswahili cha zamani, cha shule ya misheni. Alisema kwamba usiku wa kuamkia Jumanne aliota mtu anamkuna mguu kwa sindano. Alipoamka mguu ulikuwa na joto. Siku hiyo alikwenda dukani bila fimbo. Alikuwa anacheka peke yake barabarani, aliandika, watu wakamwona kichaa.

Nilihesabu saa. Asubuhi yetu ndiyo usiku wao. Niliirudisha barua kwenye bahasha yake na nikagundua kwamba nilikuwa nimesimama.

"Ile pini bado ninayo," alisema yule dada. "Siwezi kushona nayo."

Nilikaa Homa Bay kwa sababu ya jambo hilo tu. Nilishaanza kuzoea kila sura sokoni, na kwa kawaida hiyo ndiyo ishara yangu ya kufunga begi. Lakini nilitaka kujua mwisho. Yule dada alianza kupunguza kazi. Alipokea vitambaa vichache, akamfundisha msichana wa meza ya pili kutumia mashine yake, akanunua sanduku. Alinionyesha sweta alilojishonea kwa sababu ya baridi ya kule, zito, la rangi ya kahawia. Miaka yake yote alikuwa mtoto wa mtu aliyepotea, kisha mtoto wa mtu aliyekufa. Alitaka kumwona mtu mwenyewe kabla hajawa marehemu wa kweli, na alijua hawezi kungoja sana.

Miezi mitano baadaye ubalozi uliandika. Kila kitu ni sawa. Ila barua ya pensheni imepitwa na wakati. Mdhamini alete mpya kabla ya siku ya mahojiano.

Mpya ilikuja pamoja na barua ya mzee, na yule dada aliniletea zote mbili zikiwa hazijafunguliwa. Alisema nifungue mimi. Ofisi ya pensheni ilisema kwamba mlipwaji yuko hai. Ilisema pia kwamba amepimwa na daktari wao kama kila mwaka, kwamba ugonjwa wa mguu haupo tena, na kwamba kwa kuwa pensheni ilitolewa kwa ajili ya ugonjwa huo, imesimamishwa. Ya uzee ingeanza baada ya miaka michache. Mzee mwenyewe aliandika kwa uchungu. Alikuwa anafagia kanisa siku tatu kwa wiki, kazi pekee waliyompa, na kiasi hicho hakifiki mahali fomu inapotaka. Alimwomba binti amsamehe kwa kupona.

Yule dada alikaa kwenye kiti cha wateja. Mwenye duka alikuwa akishusha mabati kutoka kwenye mkokoteni, na kila bati lilipogusa sakafu yule dada alishtuka kidogo.

"Tumemfufua," alisema, "sasa hana kitu."

Nilirudisha barua kwenye bahasha zake.

"Ukiandika ile ya zamani?"

"Watataka barua iambatane. Na barua inasema hivi."

"Mtu mwingine amdhamini?"

"Ana nani kule?"

Alitikisa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya zipu, "Likirudi chini, omera, pensheni itarudi?"

Nilikuwa nimeweka karatasi mpya kwenye mashine ili nifanye kitu. Niliitoa.

"Mimi ni wa kutaipu," nilisema.

"Nimekuuliza unafikiri nini. Wewe si unafikiri juu ya kila kitu?"

"Nafikiri itarudi."

"Hata mimi."

Aliondoka bila kuaga. Mahojiano yalikuwa baada ya wiki saba. Nilifanya hesabu ambayo najua naye alikuwa akiifanya: siku za barua kwenda, siku za daktari kumpima mzee tena, siku za ofisi kuandika. Zilitosha. Zilitosha vizuri.

Siku ya tatu nilikwenda kwao. Sikujua ningesema nini. Nilimkuta nyuma ya nyumba tupu, peke yake, mchana wa saa nane. Jembe lilikuwa limelala juu ya kaburi la baba yake. Udongo ulikuwa umechimbwa, kina cha goti tu. Tunda lilikuwa pajani mwake, limefungwa kwa kitambaa cha kahawia, na nikatambua kwamba ni lile sweta. Alikuwa amelikata na kulishona upya, kipimo sawasawa, na kofia ndogo ya kufunika ule ufa.

"Nilitaka asipate baridi safari hii," alisema.

Nikaketi upande wa pili wa shimo. Kuku walikuja wakaparua udongo, wakaenda. Ndani ya nyumba nyingine waya alikuwa anakohoa, na nilijua anajua.

"Alikwenda dukani bila fimbo," yule dada alisema. "Aliandika anacheka barabarani."

"Nilisoma."

"Sijawahi kumsikia akicheka. Nilikuwa na miaka mitatu." Alisimama, akanizungukia, akaliweka tunda mikononi mwangu kama mtu anayekupa mtoto ili akafunge mlango. "Ondoka nalo. Likikaa hapa nitalizika. Leo sijalizika, kesho sijui."

"Nilipeleke wapi?"

"Huko unakokwendaga. Wewe huna boma. Huna pa kumzika mtu." Hakusema kwa dharau. "Usinieleze ni wapi."

Yeye mwenyewe alirudisha udongo kwa jembe, akaukanyaga. Kesho yake nilimtaipia barua moja ya mwisho, kwa ubalozi, kwamba mwombaji amejiondoa. Aliitia sahihi akarudi kwenye cherehani yake. Kwa baba yake aliandika kwa mkono.

Nikarudi Migori na mashine begani na tunda kwenye begi. Nilipanga chumba nyuma ya soko, nikatafuta kazi kwenye stoo ya mahindi. Niliwaza kulitupa mtoni. Nilifika hadi darajani, nikatazama mawe na maji yanavyogonga, nikarudi nalo. Kuliacha ndani ya mti niliogopa wanyama. Mwenye nyumba aliwahi kuchungulia begi akaniuliza ni dawa ya nini. Nilimwambia ni la mtu, ananisubiri.

Mara moja tu nilizembea. Nilikuwa nakunywa chai kibandani karibu na stendi, begi likiwa ukingoni mwa benchi, mtu akapita kwa haraka na gunia akalisukuma. Liliangukia saruji. Niliandika barua jioni hiyo hiyo kwa yule dada kuuliza habari za baba yake, bila kueleza sababu. Jibu lilichukua mwezi na nusu. Alianguka kwenye barafu mbele ya kanisa, aliandika, tarehe ile ile begi lilipoanguka. Amechubuka kiwiko tu. Anatembea. Halafu chini, kwa kalamu nyingine, kama mtu aliyerudi kwenye barua baada ya kuifunga: Omera, tafadhali.

Tangu hapo nimehama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila ninapofika mahali, kabla ya kuuliza kuna kazi gani au chumba ni cha nani, ninatafuta kwanza pa kuweka begi, mbali na ukingo, kisha ninaliteremsha kwa mikono miwili.